Ufungaji wa valvu kwenye mabomba makubwa

Ndugu mafundi wenzangu,

Kabla ya kuanza kufunga valvu kwenye kazi za majengo ya biashara na viwanda, naomba kila mmoja wetu asome maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wa valvu, kwa sababu hapo ndipo panapoonyeshwa kiwango cha shinikizo na, kwa valvu ya kuzuia maji kurudi, mshale wa mwelekeo ambao ukigeuzwa maji hayatapita kabisa.

Bomba lisafishwe kwanza. Chembe moja ya chuma iliyobaki baada ya kuchomelea inatosha kukwaruza kiti cha valvu, yaani uso ambao kizibo chake hukaa kinapofunga, na valvu itavuja hata ikiwa mpya.

Ninaloliona likikosewa mara nyingi ni valvu ya kipepeo, ile yenye sahani inayozunguka ndani yake kufunga au kupitisha maji. Ipachikwe kati ya flanji, yaani pete zenye matundu ya bolti kwenye ncha za mabomba, sahani yake ikiwa karibu kufunga, ili ukingo wake usijitokeze nje na kuumia. Kisha ifunguliwe kabisa ndipo bolti zikazwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa msalaba, yaani moja kisha ile inayoikabili, na mwisho ifungwe na kufunguliwa taratibu kuhakikisha sahani haigusi bomba. Tafadhali msitumie bolti kuvuta mabomba yasiyolingana, kwani mkazo huo hubaki kwenye mwili wa valvu na unaweza kuupasua.

Valvu nzito iwekewe mhimili wake yenyewe, na mpini ubaki mahali ambapo mkono wa mwendeshaji unaufikia bila ngazi.