Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, tazama siku watumiaji wa unga wanayotoka gerezani

Mheshimiwa,

Mimi nauza vipuri vya magari Mwanjelwa. Mdogo wangu alitoka gerezani Ijumaa, kanenepa, anacheka, mama akamchinjia jogoo. Jumapili asubuhi tulimkuta chooni kwa jirani, bomba la sindano pembeni. Msibani shangazi alisema karogwa. Wengine wakasema kazidisha. Wenzake wa kijiweni waliniapia kwamba kete ya heroini ilikuwa ileile ya zamani, nikawaona waongo mpaka muuguzi mmoja aliponikalisha chini.

Nieleze nilivyoelewa, kwa lugha ya kazi yangu. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini na kuvuta breki ya mkono: maumivu yanazimika, raha inamwagika, ila na pumzi inapungua. Ubongo haukubali gari lisimame. Kila siku unakanyaga mafuta zaidi ili kushindana na breki, ndiyo maana teja huongeza kete apate kilekile cha jana. Unga ukikosekana, breki inaachiwa ghafla na mguu bado uko chini, injini inanguruma. Hiyo ndiyo arosto: jasho, miayo, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Mara mbili nilimfungia chumbani akiwa hivyo, nikidhani namtia adabu.

Gerezani, wiki hadi wiki, mguu unatoka kwenye mafuta. Mtu anaonekana kapona. Lakini ndani ya ubongo huohuo iko njia ya raha, inayoendeshwa na kemikali iitwayo dopamini, nayo haisahau upesi. Imeshika kona ya kijiwe, mlio wa kiberiti, mluzi wa rafiki. Akishuka tu kwenye bajaji, kiu inaamka. Anachukua kipimo chake cha zamani, breki inavutwa yote, na safari hii hakuna mguu kwenye mafuta. Pumzi inakata.

Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Siombi wauzaji waonewe huruma. Wanaopitisha unga kwenye barabara ya Tunduma wafungwe hata leo. Nasema juu ya mtumiaji. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mbeya kliniki yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Inakalia palepale heroini inapokalia, ila taratibu, na dozi moja anayokunywa mbele ya muuguzi humshika siku nzima bila arosto. Mdogo wangu alikuwa ameisikia. Hakuna aliyempeleka, na mimi nimo.

Ninachoomba, basi. Mfungwa aliyekuwa akitumia unga aonwe na watu wa kliniki kabla hajatoka, kwa ridhaa yake, na aambiwe wazi kwamba kete aliyoizoea sasa inaweza kumuua. Ndugu zake nao waambiwe. Sisi tulikuwa tunahesabu siku tu. Naloksoni, dawa inayoweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, isogezwe karibu na vijiwe. Na siku ya kutoka, gari la kwanza atakalopanda limpeleke kliniki.

Nyumbani tungemsubiri. Jogoo hakuwa na haraka.

Muuza vipuri,
Mwanjelwa, Mbeya