Wauza mota za baiskeli, andikeni milimita

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaouza mota za kufunga kwenye baiskeli, zile za kitovuni zinazokuja zimesukwa ndani ya gurudumu la mbele au la nyuma, mafundi wanaozifunga na wateja wao.

Boksi la mota huandikwa inchi 28, volti 36, wati 250. Mwenye baiskeli ya Phoenix akiona inchi 28 anatoa pesa. Kumbe tairi la baiskeli hizo kubwa za kizamani, lile la 28 x 1½, hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, na rimu inayokuja na mota huwa ya 622. Milimita 13 tu, lakini tairi halishiki. Ukilijaza upepo linachomoka. Hata inchi 26 zina mtego huo: ipo ya 559 ya baiskeli za milimani na ipo ya 590. Namba ya kweli iko ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635. Soma hiyo ya pili.

Fundi hodari atasema aing'oe mota na kuisuka kwenye rimu ya zamani. Sawa, ila ahesabu matundu ya spoki kwanza. Mota nyingi zina matundu 36, na rimu za kizamani mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma. Akibaki na rimu ya 622, breki za fimbo hazina tena pa kubana, maana mpira wake hubana rimu kwa ndani. Baiskeli inatoka gereji ikikimbia kilomita 25 kwa saa, mbele haina breki. Hilo silikubali hata kidogo. Anayeanza atafute baiskeli ya mlimani ya 559, yenye breki za kubana ubavu wa rimu na uma wa chuma usio na springi. Uma wa alumini asiufungie mota, kwani mdomo wake, pale ekseli inapokaa, hupasuka ghafla.

Ekseli ya mota si ya duara kama ile ya kawaida; imechongwa bapa pande mbili, na kati ya bapa na bapa pana milimita 10. Mdomo wa uma ukiwa mwembamba zaidi, upigwe tupa kidogo kidogo pande zote mbili, mpaka ekseli iingie kwa kusukumwa na mkono bila kucheza. Kisha kifungwe kipande cha chuma cha unene wa milimita 5 au 6, chenye tundu la umbo la ekseli, na ncha yake ya pili ibanwe kwenye mguu wa uma. Watu wengi hukiruka wakitegemea nati. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyume kwa nguvu ileile. Ikipata upenyo inapanua mdomo wa uma, inazunguka na kukata nyaya zake yenyewe, na gurudumu laweza kuchomoka ukiwa barabarani. Waya unaotoka kwenye ekseli uachwe uning'inie chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke yasiufuate hadi ndani ya mota. Spoki zikazwe upya baada ya kilomita 100 za kwanza.

Betri ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Ya volti 36 ina seli 10 za mfululizo na ikijaa inasoma 42. Ya 48 ina seli 13 na ikijaa inasoma 54.6. Chaja zake mara nyingi zina plagi za aina moja. Chomeka ya 54.6 kwenye betri ya 36, na kila seli inasukumwa kuelekea volti 5.46 wakati kikomo chake ni 4.2. Hapo kinachozuia moto ni bodi ya ulinzi peke yake, ile inayokata umeme ndani ya betri, na wapo wanaounda betri bila hiyo ili kupunguza gharama.

Wanaounda betri kwa seli za kompyuta mpakato zilizochakaa wafanye hesabu. Kontrola, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, ikiwa ya ampia 15 na betri ikiwa na seli 4 sambamba, kila seli inatoa ampia 3.75. Seli iliyochoka hupata moto kwa mzigo huo. Zijazwe hadi 4.2, ziachwe wiki mbili, na zilizoshuka chini ya 4.1 ziwekwe kando. Zilizobaki zipimwe ujazo, zipangwe zinazolingana. Ziungwe kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kuchomelea nukta, si kwa lehemu, kwa sababu joto la lehemu huharibu kizibo cha ndani cha seli. Fyuzi ya ampia 20 ikae karibu kabisa na betri.

Betri ya volti 36 na ampia-saa 10 ni wati-saa 360. Ukisaidia kwa pedeli, kilomita moja hula wati-saa 10 hadi 15. Ukipakia gunia kwenye keria, umbali unapungua.

Ombi langu kwa wauzaji ni kibandiko kimoja kwenye boksi: milimita za rimu, idadi ya matundu, nafasi ya ekseli kati ya midomo miwili (milimita 100 ya mbele au 135 ya nyuma). Na volti ya mwisho ya kuchaji iandikwe mara mbili kwa wino usiofutika, kwenye chaja na pembeni ya tundu la betri.

Msomaji wako,
Morogoro