Barua kwa Mama Rehema Kabla Hajasaini Mkataba

Dar es Salaam,
10 Februari 2025

Mpendwa Mama Rehema,

Pokea salaam nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Sisi hatujambo, ingawa joto la mwezi huu linatutesa, na natumaini ninyi huko Morogoro mnapata angalau upepo wa Uluguru. Nimefurahi mno kusikia kwamba umepata kazi ya lile jengo la ghorofa mbili, tena kazi yako ya kwanza kubwa tangu uliposajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Katika ujumbe wako umeniuliza ufanye nini ili wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wasikusumbue. Nitakujibu, lakini kwa kuwa usalama wa saiti za ujenzi ndio kazi yangu ya kila siku, utaniwia radhi nikianza na mkaguzi na kumalizia kwenye mkataba wako, maana huko ndiko ninakoona hatari ilipo.

Yanayohusu karatasi ni mepesi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, na saiti ya ujenzi ni mahali pa kazi hata kama itadumu miezi michache tu. Inataka pia wafanyakazi wapimwe afya, wawepo wawakilishi wa usalama waliochaguliwa rasmi, huduma ya kwanza ipatikane, na ajali zitolewe taarifa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao utataka mchango wako kila mwezi, na akiumia mtu utatakiwa kuutaarifu ndani ya siku 7 tangu wewe mwenyewe ulipoarifiwa. Usiyadharau hayo, kwa sababu kibarua akifa na jina lake halimo mahali popote, mjane wake ndiye atakayezunguka ofisi hadi ofisi. Hata hivyo, mtu mwenye mpangilio kama wewe atayamaliza mapema, na yakishakamilika yote hayatakuwa yamemzuia hata fundi mmoja asianguke.

Kinachomzuia fundi asianguke ni fedha iliyotengwa kabla kazi haijaanza. Fungua hiyo BOQ yako, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi, sasa hivi uangalie usalama umeandikwaje. Nikikisia, ni mstari mmoja kwenye gharama za awali wenye tarakimu ya jumla, uliowekwa ili fomu isibaki wazi, na mwenye jengo akiomba kupunguziwa bei huo ndio utakaokatwa wa kwanza kwa sababu hauonekani kwenye ukuta wala kwenye paa. Nakusihi uuvunje. Andika kodi ya jukwaa la chuma la kusimamia mafundi kwa miezi yote litakayosimama, mbao za kukanyagia, reli za pembeni, uzio wa mabati, helmeti, buti na glavu pamoja na za kubadilishia zitakapochakaa, choo, maji ya kunywa, na malipo ya msimamizi mwenye kazi ya kuangalia hayo tu. Kila kimoja kiwe na kiasi chake na bei yake. Mwenye jengo akitaka kupunguza, atalazimika kutaja kwa kinywa chake ni reli ipi isiwekwe, na wengi hapo huona haya.

Mwaka jana nilikagua saiti moja hapa mjini ambayo faili lake lilinivutia: cheti cha usajili kipo, daftari la vikao vya usalama vya asubuhi lina saini za kila siku, fomu za upimaji afya zimepangwa kwa majina. Kisha nikatoka nje. Jukwaa lilikuwa la mirunda iliyofungwa kwa waya wa kufungia nondo, miguu miwili ikiwa imeegemezwa juu ya vipande vya tofali kwa sababu ardhi ilikuwa na mteremko, na juu yake palikuwa na mbao mbili zilizolazwa tu bila msumari. Saidia fundi alikuwa akizipita na karai la zege begani, na kila akifika katikati ubao wa kushoto ulibonyea na ncha yake ikainuka upande wa pili. Nilipouliza jukwaa ni la nani, msimamizi alinijibu bila kusita kwamba ni la fundi, kwani kazi ile ilitolewa kwa leba chaji, yaani fundi analipwa ufundi tu na kuleta watu wake mwenyewe. Helmeti nazo ziliwasili tulipokuwa tukizungumza, zikitolewa stoo haraka haraka, baadhi zikiwa bado ndani ya nailoni.

Leba chaji ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini kuliko mkaguzi yeyote. Ukimpa fundi kazi ya kupiga lipu kwa bei ya mita ya mraba, naye akalete vijana wake, ni rahisi kujiambia kwamba wale ni watu wake, lakini saiti ni yako, na likitokea la kutokea usitegemee kwamba makubaliano ya mdomo kati yako na fundi yatakuvua wajibu. Zaidi ya hapo, mtu anayelipwa kwa mita huhesabu kila dakika anayofunga na kufungua ndoano ya mkanda kuwa ni fedha yake inayopotea, na hotuba ya asubuhi haiwezi kushindana na hesabu hiyo. Kwa hiyo jukwaa lisimamishe wewe, kwa gharama yako, na fundi alikute tayari. Weka pia kwenye makubaliano kwamba kazi ikisimamishwa kwa sababu ya hatari, kutwa italipwa. Kibarua ambaye akisimamishwa anarudi nyumbani mikono mitupu hatakuambia kwamba ukingo wa mtaro umeanza kupasuka. Ataendelea kuchimba akiomba Mungu. Na udongo hauna huruma, kwani mita moja ya ujazo hufika uzito wa tani 1.5 na zaidi, na aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kupumua hata kama kichwa kiko nje.

Kuhusu mikanda ya usalama, najua utashauriwa uinunue kwa wingi kwa sababu inapendeza kwenye picha. Inunue, lakini fanya hesabu kwanza. Kamba yake ya kawaida ina urefu wa mita 2, kifyonza mshtuko hurefuka zaidi ya mita 1 kinapofanya kazi, kisha ongeza kimo cha mtu mwenyewe na nafasi kidogo ya tahadhari, na utaona kwamba aliyejifunga usawa wa miguu anahitaji karibu mita 6 za uwazi chini yake. Sakafu ya ghorofa yako ya kwanza iko mita 3 hivi kutoka ardhini. Ina maana atapiga chini kabla mkanda haujamkamata. Kwenye kimo hicho kinachookoa ni reli imara ya usawa wa kiuno, nyingine katikati yake, na ubao wa chini wa kuzuia vifaa visidondoke. Mkanda ubaki kwa zile sehemu za juu ambazo reli haiwezi kuwekwa, na ufungwe juu ya kichwa cha mtu mahali palipothibitishwa kuwa panabeba, si kwenye mrunda wala kwenye nondo iliyochomoza.

Jambo jingine ni ratiba. Mwenye jengo atakubana utoe mirunda chini ya slabu mapema ili mafundi wa vyumba waingie. Nguvu ya zege hupimwa rasmi siku ya 28, na tarehe ya kutoa nguzo hizo aipange mhandisi kwa maandishi, wala si mwenye fedha kwa simu. Sote tunakumbuka lile jengo la ghorofa 16 lililoporomoka likiwa bado linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36. Na machozi ya jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba mwaka jana hayajakauka, ambako waliofukiwa walikuwa wafanyabiashara na wateja wao. Nayataja ili ukumbuke kwamba wajibu wako hauishii kwa uliowaajiri. Mpita njia naye yumo, na yumo mama lishe anayeingia saiti saa nne na kandambili miguuni akiwa na sinia kichwani. Huyo usimfukuze, maana utagombana na mafundi wote. Mjengee kibanda getini, chakula kifuatwe huko.

Magonjwa yasiyo na kishindo nayagusia kwa ufupi tu: saruji mbichi huunguza ngozi, basi wanaomwaga zege wavae buti za mpira, na wanaokata vigae au zege wamwagie maji wakati wa kukata, kwa sababu vumbi lile huharibu mapafu taratibu na halitibiki.

Mkaguzi akija, mpokee, mpitishe kila mahali, na umuulize angefanyaje kwenye sehemu inayokutia wasiwasi. Ana mamlaka ya kukusimamishia kazi, ni kweli, lakini wengi wao wamekuwa tayari kunielekeza kila nilipowauliza kabla mambo hayajaharibika.

Sasa naomba unitumie hiyo BOQ kabla ya Ijumaa, pamoja na rasimu ya makubaliano yako na fundi wa lipu, niipitie mstari kwa mstari. Kama mwenye jengo atagoma kuhusu gharama za jukwaa, usimpunguzie bado. Nitapanda treni ya SGR Jumamosi asubuhi tukae naye sisi watatu. Nisalimie Baba Rehema na watoto, na umwambie Rehema kwamba kitabu chake cha hesabu nimekipata, nitakuja nacho.

Rafiki yako,
Mama Imani