Barua ya wazi kwa Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani: mwanafunzi wa viza naye ni mchezaji wa kikosi

Lexington, Kentucky
Oktoba 2025

Kwa Mheshimiwa Charlie Baker,
Rais wa NCAA,
Indianapolis.

Salaam nyingi, Mheshimiwa. Nakuandikia kuhusu malipo ya wachezaji wa kigeni wa vyuo, lakini acha nianzie hapa nyumbani.

Oktoba ikifika, mji huu hauna mazungumzo mengine. Kwa kinyozi, nje ya kanisa baada ya ibada ya Kiswahili, kazini wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, watu wanapanga kikosi cha Wildcats, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu chetu: nani ataanza, nani atatokea benchi, nani akiumia tumekwisha. Nimetaja ibada ya Kiswahili kwa sababu Wakongo ni wengi hapa Lexington. Watoto wao wamekulia kwenye jezi za bluu za Chuo Kikuu cha Kentucky kama watoto wa wenyeji, na wazee ambao walipofika hawakujua hata mchezo unahesabiwaje sasa wanabishana juu ya senta wa akiba.

Na mwaka huu ubishi ni mtamu. Otega Oweh amerudi. Jaland Lowe ametoka Pittsburgh kuja kuongoza mashambulizi. Denzel Aberdeen amekuja na medali ya ubingwa aliotwaa na Florida msimu uliopita. Mouhamed Dioubate katoka Alabama, na sifa yake ni kupigania kila mpira kama mtu anayedaiwa kodi. Jayden Quaintance wa kutoka Arizona State bado anauguza goti. Ndiyo maana macho ya watu yako kwa Malachi Moreno, chipukizi mrefu wa shule ya Great Crossing, mwendo mfupi tu kutoka hapa, aliyeipa shule yake ubingwa wa jimbo mwezi Machi. Wapo wanaosema Moreno bado mbichi, asubiri. Mimi nasema atacheza dakika nyingi kuliko wanavyodhani, kwa sababu goti halifuati kalenda ya mtu.

Sisi wa Kentucky tumejifunza kwa uchungu kwamba nyota watano hawatoshi. Msimu uliopita Lamont Butler aliumia bega, Jaxson Robinson mkono, Kerr Kriisa mguu, na bado timu ilifika kwenye timu kumi na sita za mwisho za mashindano ya taifa ya vyuo, kwa sababu waliokuwa nyuma yao waliweza kusimama. Kocha wetu Mark Pope analijua hilo kuliko wengi. Alikuwa nahodha wa kikosi cha mwaka 1996 kilichoifunga Syracuse 76 kwa 67 na kutwaa ubingwa, na kikosi kile kilikuwa kipana kiasi kwamba wachezaji wake tisa walikuja kucheza NBA. Pope mwenyewe alihamia hapa kutoka Chuo Kikuu cha Washington, na kwa sheria za siku zile akakaa msimu mzima bila kucheza.

Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayeamini benchi. Ninachokuomba ni hiki: katika kila unachokitaka kwa Bunge la Marekani kuhusu michezo ya vyuo, mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, atajwe, na aruhusiwe kulipwa kama anavyolipwa mwenzake anayekaa naye benchi moja.

Hapa kwetu jambo hili lina jina na sura. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya nyumbani na ya uwanjani. Alikuja Marekani akiwa kijana wa sekondari, akasoma Virginia, kisha Pennsylvania, akaanza chuo West Virginia. Januari 2021 alihamia kwetu msimu ukiwa katikati. Timu ilikuwa inazama, msimu ule tulishinda michezo 9 tukapoteza 16, naye akawa anafanya mazoezi tu na kuangalia. Msimu uliofuata akaingia uwanjani akavuna wastani wa ribaundi 15.1 kwa mchezo, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka arobaini bila mchezaji wa daraja la kwanza la vyuo kufikia ribaundi 15. Mwaka 2022 alizoa tuzo kubwa zote za mchezaji bora wa taifa, ya Naismith na ya Wooden zikiwemo.

Siku chuo cha Saint Peter's kilipotutoa kwenye raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa mwaka ule, 85 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza, Oscar alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16. Mtu mmoja hawezi kufanya zaidi ya hapo. Na bado akarudi tena mwaka uliofuata. Mchezaji bora wa taifa hakuwa amerudi chuoni tangu Tyler Hansbrough wa North Carolina mwaka 2008.

Sasa tazama upande wa pili, Mheshimiwa. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanamichezo wa Marekani wameruhusiwa kuuza jina na sura zao: matangazo ya magari, ya mikahawa, kutia saini mipira. Wachezaji wa akiba wa timu hii walikuwa wanaweza kufanya hivyo. Oscar, mchezaji bora wa nchi nzima, hakuweza kusimama mbele ya kamera hapa Lexington akalipwa bila kuhatarisha viza yake. Timu iliposafiri kwenda Bahamas mwezi Agosti 2022 kwa michezo ya maandalizi, ndipo alipopata nafasi. Kule nje ya mipaka ya Marekani ndiko alikopigwa picha za matangazo, akatia saini, akafanya kazi ambazo wenzake walikuwa wanazifanya mtaani kwao. Kijana anachezea Rupp Arena mbele ya watu zaidi ya elfu ishirini, kisha analazimika kuvuka bahari ili jina lake limlipe.

Nilifurahi alipopata. Sikufurahia njia iliyompasa kupita, na sijaizoea mpaka leo.

Sheria yenyewe si ngumu kuieleza. Viza ya F-1 humpa mtu haki ya kusoma. Kazi inayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo lazima pawe na kibali kinachohusiana na masomo yake. Mapato yasiyotokana na kazi yanaruhusiwa. Hapo ndipo wanasheria wanapogawanyika: jezi yenye jina lake ikiuzwa, gawio lile ni kazi au si kazi? Na malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni ni mshahara au ni ruhusa ya kutumia jina lake? Chuo kimoja kinalipa kwa kujiamini, kingine kinakataa kabisa, cha tatu kinamwambia kijana asubiri safari ya nje. Kijana wa miaka 19 ndiye anayebeba hatari yote, maana chuo kikikosea kitalipa faini au kitapewa onyo, lakini yeye akikosea atarudishwa kwao.

Kabla ya 2021 tatizo hili halikuwepo kwa sababu hakuna aliyelipwa rasmi. Mmarekani na Mkongo walikaa benchi moja wakiwa sawa, wote na ufadhili wa masomo, chakula na malazi. Mlango ulipofunguliwa tulishangilia, na nilishangilia kwa moyo wote, kwa kuwa vijana hawa walikuwa wamefanyishwa kazi miaka mingi huku wengine wakitajirika. Lakini ulifunguliwa kwa baadhi yao tu.

Na sasa pengo limepanuka. Tarehe 6 Juni mwaka huu Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo dhidi ya NCAA, na tangu 1 Julai vyuo vinaweza kugawana mapato na wanamichezo, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa kwanza. Ukomo wa ufadhili 13 kwa kikapu cha wanaume umeondoka, na kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo kikosi sasa kinaruhusiwa kufika wachezaji 15. Kwetu sisi wapenda benchi hizo ni nafasi mbili zaidi, na nafasi mbili ni nyingi sana mwezi wa Februari timu ikiwa na majeruhi.

Lakini kila nafasi kati ya hizo 15 sasa ina fungu lake la fedha. Kocha anapopanga usajili haangalii urefu na kasi tu, anaangalia pia nani anaweza kulipwa bila mwanasheria kukosa usingizi. Akipewa senta wawili wanaokaribiana uwezo, mmoja wa Ohio na mmoja wa Kinshasa, nahofia jina la Kinshasa ndilo litakalokatwa, na hakuna atakayeandika popote kwamba limekatwa kwa ajili ya viza. Litapotea kimyakimya kwenye karatasi ya usajili.

Hapo ndipo kikosi kipana kinapopoteza zaidi. Wachezaji wetu wengi wa Afrika huanza mchezo huu wakiwa wakubwa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alishika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mrefu wa sekondari. Alipofika Connecticut mwaka 2006 hakuwa amekamilika, na timu ikamvumilia. Msimu wake wa tatu aliifikisha nusu fainali ya taifa, akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alianza kucheza akiwa na miaka kama 13. Mwaka huu akiwa na Duke alifika nusu fainali, kisha akachaguliwa wa kumi. Vijana wa namna hii hawanunuliwi wakiwa tayari. Wanahitaji kocha mwenye subira na chuo kinachoweza kuwatunza wakikua, na subira hiyo ina gharama. Kama mwenzake wa kulia na wa kushoto wanapokea fungu la mapato na yeye hapokei, kwa nini abaki benchi kujifunza? Atatafuta klabu Ulaya, na ninyi mtakuwa mmempoteza.

Nikiwa kwa Maluach: tarehe 5 Aprili, siku ileile alipokuwa anacheza nusu fainali dhidi ya Houston, serikali ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Na tangu Juni raia wa Burundi, nchi ambayo wengi wa jirani zangu wana ndugu, hawapewi viza mpya za wanafunzi. Hayo si maamuzi yako na sikulaumu kwayo. Nayataja ili uone jinsi kijana huyu alivyosimama mahali penye utelezi, na kwa nini neno moja lenye uhakika kutoka Indianapolis lingekuwa na uzito kwake.

Najua jibu linalokuja: viza ni mambo ya serikali ya shirikisho, NCAA haina mamlaka. Ni kweli. Ila wewe ulikuwa gavana wa Massachusetts miaka minane, na tangu ushike ofisi hii Machi 2023 umekuwa ukienda Washington kuomba Bunge liwape kinga dhidi ya kesi za ushindani wa biashara. Mna wanasheria, mna watu wa kuzungumza na wabunge kila wiki. Maseneta Richard Blumenthal wa Connecticut na Pete Ricketts wa Nebraska, ambao ni wa vyama viwili tofauti, waliwahi kupeleka muswada wa kuwaruhusu wanafunzi wa kigeni kufaidika na majina yao. Kwa hiyo njia imeshafyekwa kidogo, inahitaji mtu mzito wa kuipita, na mzito huyo ni wewe.

Pia tazama ni nani wamewabebea mashindano yenu miaka hii. Mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 alikuwa Oscar wa Lubumbashi. Mwaka 2023 na 2024 alikuwa Zach Edey wa Toronto. Mwaka 2023 Connecticut ilipotwaa ubingwa, mchezaji bora wa fainali alikuwa Adama Sanogo wa Mali. Mkataba wenu wa televisheni kwa mashindano ya Machi una thamani ya dola bilioni 8.8 kwa miaka minane hadi 2032. Hawa ndio watu ambao watazamaji huwasha televisheni kuwaona.

Ulicheza kikapu mwenyewe pale Harvard, katika kikosi cha pili. Huhitaji kuelezwa na mtu wa Lexington mchezaji wa akiba anajisikiaje, wala mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi ni kitu gani kwa mtu ambaye huenda asicheze Jumamosi.

Ninachoomba kwa sasa, Bunge likiwa bado halijaamua, ni kitu kilicho ndani ya uwezo wenu: andikeni mwongozo mmoja, kwa lugha nyepesi, unaowaambia vyuo vyote ni malipo gani ambayo mwanafunzi wa F-1 anaweza kupokea salama na yapi asiguse, na mpatieni kila mwanafunzi huyo mwanasheria wa uhamiaji asiye mwajiriwa wa chuo chake, kwa gharama zenu. Mwongozo huo utoke kabla ya dirisha la uhamisho la masika, maana wakati huo vijana watakuwa wanasaini makaratasi wasiyoyaelewa. Na muswada wowote mtakaouunga mkono uwe na kifungu kinachowataja kwa jina la viza yao.

Nitakuwa Rupp Arena mwezi Novemba, kule juu kabisa ambako tiketi ni rahisi. Majibu yako yakija kwa Kiingereza yatasomwa, na tutayatafsiri wenyewe kwa ajili ya wazazi.

Wasalaam,
Shabiki wa Wildcats, Lexington