Msituweke Lamu kwenye sababu zenu za vita

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu enzi za kulipata gazeti siku mbili baada ya kuchapwa, likiwa limetota maji ya chumvi chini ya magunia ya viazi, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mwaka huu mmenishinda. Nazungumzia lile toleo lenu maalumu la Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, tarehe 14 Oktoba, lililojaa matangazo ya pongezi hadi habari zikakosa pa kukaa. Mwandishi wenu anasema, bila hata kumeza mate, kwamba majeshi yetu yaliingia Somalia mwaka 2011 kwa ajili ya kuwalinda watu wa Lamu na riziki yao. Chini ya maneno hayo mmeweka picha ya punda kwenye gati la mji wa Lamu, mkaandika kuwa ni Kiwayu. Kiwayu hakuna gati lile. Punda naye simjui.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana mnaandika kama watu waliozaliwa juzi. Usiku wa tarehe 11 Septemba 2011 Mwingereza aliuawa hotelini Kiwayu na mkewe akachukuliwa kwa boti. Tarehe 1 Oktoba, kisiwani Manda, mama Mfaransa asiyeweza hata kutembea alibebwa kutoka nyumbani kwake. Tarehe 13 Oktoba, kambini Dadaab, wakatekwa wanawake wawili wa Hispania waliokuwa wakiwahudumia wakimbizi. Siku ya pili yake tu, jeshi likaanza safari. Jumamosi tarehe 15, marehemu Profesa Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, na marehemu Yusuf Haji, Waziri wa Ulinzi, walisimama mbele ya waandishi wa habari, wakakishika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kile kinachompa aliyeshambuliwa haki ya kujilinda, na kwa kifungu hicho mpaka ukavukwa. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Nami nilipiga makofi. Sitaki mnione mtu wa kulaumu kila kitu. Tulikuwa barazani na redio katikati, wageni wameshakimbia, kamba tuliokuwa tukiwauzia wenye hoteli wanatuozea mikononi, tukasema kwa sauti moja kwamba watu hawa watiwe adabu.

Baadaye nikakaa nikahesabu siku. Mimi kuhamisha harusi kutoka Faza kwenda Siyu hunichukua wiki tatu, na hapo sina kifaru hata kimoja. Jeshi linatekewa watu Alhamisi, Ijumaa liko njiani? Mwezi ule ule msemaji wa serikali, Alfred Mutua, alikiri mwenyewe kwamba operesheni kubwa namna ile haipangwi kwa wiki moja. Zile nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja nazo zikaonyesha kuwa tangu 2010 Moses Wetang'ula, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa akiwabembeleza Wamarekani waunge mkono mpango wa kuweka utawala rafiki Jubaland, eneo la Somalia linalopakana nasi, nao wakawa wazito. Faili lilikuwa tayari zamani. Lililokosekana ni jalada, na jalada likawa sisi.

Wala sisemi nchi haina haki ya kujijengea ua mbali na mlango wake. Labda inayo. Basi semeni hivyo! Semeni tulitaka ua Jubaland, watu waulizane ua huo unagharimu nini na unalindwa hadi lini. Katiba ya 2010, ibara ya 240, inataka Bunge liidhinishe kabla wanajeshi hawajatumwa nje. Ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, wino haujakauka, na Bunge likaletewa habari vifaru vimeshavuka. Mvua zikaja, magari yakazama kwenye tope la njia ya Afmadow, na mji wa bandari wa Kismayo waliufikia karibu mwaka mzima baadaye. Na waliotekwa, ambao kwa ajili yao tuliambiwa haya yote? Mama wa Manda alifia mikononi mwa watekaji mwezi ule ule. Mama wa Kiwayu alitoka Machi 2012 baada ya jamaa zake kutoa fidia. Wale wa Dadaab walikaa hadi Julai 2013. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa na bunduki.

Kuna jambo jingine ambalo toleo lenu lililiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Al-Shabaab, wale wapiganaji wa Somalia, walikana kuwateka watu wale wa 2011. Serikali ikasema ni wao, hakuna mjadala, twende vitani. Juni 2014 wakaingia Mpeketoni, humu humu Lamu, usiku watu wakitazama Kombe la Dunia, na kwa usiku huo na uliofuata watu zaidi ya 60 wakauawa. Safari hii al-Shabaab wakasema wenyewe: ni sisi, na ni kwa sababu mko Somalia. Rais Uhuru akahutubia taifa akasema hapana, si wao, ni siasa za humu humu. Wanapokana, ni wao. Wanapokiri, si wao. Nimefundisha hesabu darasa la saba kwa miaka 31, na mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo nilikuwa simuulizi amelipataje; nilikuwa namuuliza alikaa karibu na nani.

Sasa nije kwenye hiyo riziki yetu mliyoilinda.

Vita vilipoanza, tulipigwa marufuku kuvua usiku. Mwandishi wenu huenda anadhani kuvua usiku ni anasa, kama kwenda disko. Jarife, wavu wetu wa kutega, bwana mhariri, mchana ni ukuta. Samaki huliona, akageuka akaenda zake. Hutegwa jua likizama, huvutwa alfajiri. Marufuku ile ikatufanya tutege asubuhi na kuvuta alasiri, tukipata vijichangu viwili na mwani wa kutosha kuezekea nyumba. Nilipostaafu nilinunua mashua kwa pensheni yangu, na jarife nikalichukua kwa mkopo wa chama. Februari 2016, bahari imelala, tulitoka watu wanne, mimi na mpwa wangu na vijana wawili. Wakati wa kurudi mashine ikazima. Petroli ilikuwa ya dumu, imechanganywa na mafuta ya taa, plagi zote mbili zimekuwa nyeusi kama mkaa. Mpwa wangu akazisugua kwa wembe, akazikausha kwa kiberiti, akavuta kamba ya mashine hadi kiganja kikachubuka. Hakuna kitu. Makasia yalikuwa mawili, moja limepasuka, na maji yanatoka, kila tukipiga kasia moja bahari inaturudisha mbili. Taa ya msikiti tunaiona. Saa tatu kasoro usiku tukamulikwa.

Sitasema ilikuwa doria ya kikosi gani, maana gizani wote wanafanana. Tuliamriwa tuvue mashati na kuingia majini hadi kifuani, mikono juu ya ubavu wa mashua, na tukakaa hivyo hadi nikaacha kuyasikia magoti yangu. Nikaeleza: mashine imezima, plagi hizi hapa, zitazameni. Mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe hujui nchi iko vitani?" Nikamwambia najua, mwanangu, mimi mwenyewe niliipigia makofi. Hakucheka. Akatolewa kijana mwingine na panga, akalikata jarife langu kuanzia maboya hadi chubwi zinazolizamisha, vipande vipande, bila haraka, kama mtu anayekata mchicha. Mkopo ulikuwa umebakiza miezi minne. Kisha, na hili lazima niseme kweli, wakatufunga kamba wakatuvuta hadi gatini, na yule kijana wa panga akanipa chupa ya maji. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Umri wake ni wa wanafunzi wangu wa mwisho. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilikuwa imevamiwa mwezi mmoja tu nyuma, tarehe 15 Januari, askari wetu wakauawa kule kwa idadi ambayo serikali haikuitangaza, na pengine yule kijana alikuwa na mwenzake miongoni mwao. Kwa hiyo yeye sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa mtu anayekaa chini ya feni akaandika kwamba kijana yule alikuwa analinda riziki yangu. Na kiko kwa toleo maalumu ambalo El Adde limeipa mstari mmoja, idadi haimo, na tangazo la kuuza viwanja limepewa nusu ukurasa. Mpwa wangu yuko Mombasa, anaendesha tuktuk. Baharini hajarudi. Mamake akimuuliza, husema bahari ina foleni.

Marufuku ile ilidumu hadi 2018 walipoanza kuilegeza, kwa masharti. Miaka hiyo hiyo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiandika ripoti baada ya ripoti kwamba makaa yanapakiwa Kismayo na kwenda Ghuba, ilhali Baraza la Usalama lilikuwa limeyapiga marufuku tangu Februari 2012, na mji wenyewe uko mikononi mwa jeshi letu na marafiki zake. Jeshi lilikana kunufaika. Haya. Mimi nauliza tu imekuwaje marufuku ya Umoja wa Mataifa ikavuja meli nzima za makaa na marufuku ya Lamu isivujishe hata kidau cha babu mmoja.

Na maadamu nimeshika kalamu, kuna hili la kipande. Kijana wangu wa mwisho alipofika miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho. Wenzake wa bara waliosoma naye chuo walipeleka cheti cha kuzaliwa, wakapigwa picha, wakaondoka. Wangu akawekwa mbele ya jopo, akaulizwa babu wa babake alizikwa wapi, akatakiwa kuleta karatasi za mtu aliyezaliwa kabla ya karatasi kufika kisiwani. Nikaenda mimi mwenyewe na hati zangu za pensheni, nikaulizwa kama nina ushahidi kuwa mimi ni Mkenya. Nimewafundisha watoto wimbo wa taifa kwa miaka 31! Rais Ruto alitangaza Wajir, Februari 2025, kwamba mambo hayo ya kuwachuja watu wa mipakani yamekwisha, na namshukuru, ila ofisini kwetu tangazo hilo nadhani bado liko njiani, limepanda jahazi moja na gazeti lenu. Mnaona mambo yalivyo? Kwenye jalada la vita sisi ni Wakenya wa kulindwa. Kwenye dirisha la kipande sisi ni wageni wa kuthibitishwa.

Mwaka 2018 huo huo Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya. Kwa hiyo hesabu ya bahari inawezekana kupigwa, watu wanaoijua wapo. Ya usiku wetu hakuna aliyeipiga. Siwaombi ninyi mlipe, najua gazeti halina pesa, ndiyo maana mnatia viwanja nusu ukurasa. Ninaloomba ni hili: mwakani, tarehe 14 Oktoba, kila mnapoandika sababu ya kuingia Somalia, pembeni yake wekeni tarehe sababu hiyo iliposemwa kwa mara ya kwanza na nani aliyeisema. Utekaji, utalii, bandari, ua wa Jubaland, ugaidi wa dunia nzima, zote zipangeni kwa tarehe, msomaji aone ipi ilitangulia vifaru na ipi ilivifuata nyuma kama mkia. Na neno Lamu liondoeni humo mpaka mtuulize.

Kama mnaona kazi hiyo ni ngumu, mleteni mwandishi wenu Faza. Nitampokea, atakula wali wa nazi na samaki, kisha tutatoka naye usiku wa giza kwenda kutega jarife, tukiwa na vibali vyote na yeye ameshika kitambulisho chake mkononi. Aje na plagi mbili za mashine ya nguvu 40. Zilizopo ni zile zile alizosugua mpwa wangu kwa wembe.

Mwalimu mstaafu,
Faza, Kisiwa cha Pate