Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Tunaomba Kabati Lisogezwe

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Nimeshakuandikia barua mbili kupitia kwa katibu muhtasi wako, na nadhani zote bado zinasubiri muhuri. Hii ya tatu naiweka hadharani. Naomba radhi kwa hilo kabla sijaanza.

Jumatano iliyopita nilitolewa maabara ya kompyuta mbele ya wenzangu. Kosa langu ni kwamba mimi ni wa usanifu wa tovuti, na chumba kile ni cha watu wa programu. "Rudi kwenu ukachore," msimamizi akaniambia. Kwetu, mheshimiwa, ni Isongole. Hapa chuoni nilidhani tunasoma kozi moja.

Siku ya kutupokea, mbele ya wazazi waliotoka Rungwe, Kyela na Chunya, ulisema tutaondoka hapa tukijua kutengeneza tovuti kuanzia karatasi tupu mpaka inafunguka kwenye simu. Baba alipiga makofi kuliko wote. Ni mwaka wa pili sasa anauza viazi kuyalipia makofi yale.

Sisi tunachora kurasa kwenye Figma, programu ya kuchorea, upana wa pikseli 1440 (vile vidoti vya kioo), na zinasahihishwa kama picha za ukutani. Chumba cha pili wanaandika HTML na PHP, lugha za kujengea tovuti. Fomu zinatuma, data zinaingia, lakini ukurasa wenyewe ni maandishi ya bluu juu ya nyekundu. Yetu inapendeza ila haifunguki, yao inafunguka ila haitazamiki.

Kinachonichoma zaidi ni CSS, lugha inayoupa ukurasa sura yake: rangi, nafasi, mpangilio. Håkon Wium Lie, mtaalamu wa kompyuta, aliipendekeza mwaka 1994, toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Darasani kwetu hakuna aliyeizidi umri. Mwalimu wetu anasema hiyo ni kodi, yaani code ya kompyuta, kaulizeni chumba cha pili. Chumba cha pili wanasema hayo ni mapambo, kaulizeni wachoraji. Mwaka unaisha, hakuna aliyeifundisha. (Nilipomwambia mama kwamba tunazuiwa kuandika kodi, alimshukuru Mungu. Alidhani walitaka kutupeleka TRA.)

Mwezi uliopita mama mmoja muuza mchele pale Mwanjelwa aliniagiza tovuti ndogo. Nikamwonyesha mchoro kwenye laptop ya kuazima, akaufurahia, kisha akatoa simu yake: "Haya mwanangu, nifungulie humu." Sikuwa na cha kufungua. Kioo cha simu kama ile huhesabiwa pikseli 360 hivi kwa upana, robo ya mchoro wangu. Tangu 2010 Ethan Marcotte, msanifu wa tovuti, alishaeleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kufuata upana wa kioo. Jambo hilo huwezi kulijua kwa kuchora tu. Lazima uandike, ubane dirisha, uone kinachovunjika. Kazi ile akapewa kijana wa kibanda kimoja Kabwe aliyejifundishia YouTube. Yeye hadaiwi ada na mtu.

Nani alitugawa, sijui. Wapo wanaosema wakuu wa idara hizi mbili hawasalimiani tangu ile projekta ipotee. Wengine wanasema kompyuta hazitoshi. Mimi nahisi ni ratiba tu, ilipangwa zamani na hakuna aliyeitazama tena.

Nilitaka kuomba mtaala upitiwe, walimu waingie darasani pamoja, na mradi wa mwisho tufanye wawili wawili, mmoja kutoka kila chumba. Lakini majibu nayajua: bajeti, bodi, mwakani. Basi naomba kitu kimoja. Kati ya vyumba vile viwili kuna mlango, umezibwa na kabati la chuma la mafaili. Lisogezwe. Kazi hiyo haihitaji kikao. Tupo vijana sita, tutalibeba wenyewe. Tuachieni mlango wazi jioni, baada ya vipindi, hata kwa saa mbili tu.

Ada iliyobaki naileta Ijumaa, baba amepata mteja Uyole. Nikishalipa nitapita ofisini kwako kuulizia ufunguo.

Mwanafunzi wako,
Mwaka wa pili, chumba cha kuchora