Salamu za Shukrani kwa Wazee Waliotujengea Nyumba

Sisi, familia yenye asili ya Kalemie, Kongo, tunaoishi kaskazini-mashariki mwa jiji la Houston, jimbo la Texas, tunapenda kutoa shukrani zetu za dhati kwa wote walioshirikiana nasi tangu maji ya Kimbunga Harvey yalipoingia nyumbani kwetu hadi sasa, ambapo kwa neema ya Mungu tumerudi kulala chini ya paa letu wenyewe.

Kimbunga hicho kilitua pwani ya Texas, karibu na mji wa Rockport, usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, kisha kikaganda juu ya eneo letu kwa siku kadhaa, kikimwaga mvua ambayo katika mji wa Nederland ilizidi milimita 1,500. Mto wa Greens Bayou ulifurika hadi sebuleni kwetu. Maji yalipopungua, kuta zilikuwa zimelowa hadi kiunoni, na haukupita muda ukungu mweusi ukaanza kuzipanda. Kama ilivyokuwa kwa wengi wa majirani zetu, hatukuwa na bima ya mafuriko.

Tunawashukuru majirani waliotutoa kwa mashua, ndugu waliotuhifadhi katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zimejaa, na vijana wa ibada yetu ya Kiswahili waliobomoa kuta zilizooza na kutoa matope kwa beleshi. Tunawashukuru kwa namna ya pekee ndugu zetu walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, tulikoishi kabla ya kuja Marekani, ambao walitupigia simu kutupa pole na kutuombea ilhali wao wenyewe wanaishi kwa mgao.

Msaada wa fedha tulioupata uliishia kwenye paa na nyaya za umeme. Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza, huku tukiishi na nguzo za mbao zilizo wazi mahali palipokuwa na kuta, vyumba vikigawanywa kwa mashuka. Wakati huo habari za Harvey zilikuwa zimekwisha kutoka katika vinywa vya watu, na malori ya misaada yalikuwa yamekwenda kwingine, kwa kuwa nako kulikuwa na misiba. Ndipo walipokuja wazee hawa, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika salamu hizi.

Ni wastaafu wa kikundi kiitwacho NOMADS, cha Kanisa la Methodisti la Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1988. Husafiri kwa magari-nyumba yao, yale makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, huku wakijilipia mafuta wenyewe, na wanapofika huomba tu mahali pa kuegesha penye maji na umeme. Kwa kawaida kazi yao huchukua majuma matatu, siku nne kwa juma, na kila asubuhi huanza kwa neno na sala kabla ya mtu yeyote kugusa nyundo.

Katika malezi yetu, kijana hakai akitazama mzee akibeba mzigo. Siku ya kwanza tulipomwona baba mwenye mvi kichwa kizima akipanda ngazi na bodi ya jipsamu begani, tulikimbia kumpokea, naye akakubali, kisha akatuonyesha namna ya kuishika, wapi pa kupiga skrubu, na kwa nini bodi isiguse sakafu. Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja nao kila tulipotoka zamu. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akipiga puti kwenye maungio ya bodi, akiacha ikauke, akipiga msasa, kisha akipitisha kiganja ukutani huku amefumba macho. Akihisi kituta, anarudia. Mlango wa chumba cha bibi yetu waliupanua ili kiti chake cha magurudumu kipite, na fremu yake waliipima kwa pimamaji mara nyingi kuliko fremu nyingine yoyote ndani ya nyumba. Hawakuwa na deni lolote kwetu. Wangeweza kuwa na wajukuu wao, na hakuna ambaye angewalaumu.

Mchana walikula tulichokula: ugali, sombe (majani ya muhogo) na ndagala (dagaa). Bibi alipowaambia kwamba alibatizwa na Wamethodisti wa Katanga, wakamwomba aimbe wimbo wa utoto wake, nao wakautambua kwa sauti yake wakaitikia kwa Kiingereza. Wazee wetu, hatuna cha kuwalipa. Mungu awape afya, awalinde barabarani, na mikono hiyo iendelee kuwa na nguvu.

Tunaishukuru pia Konferensi ya Mwaka ya Texas, yaani uongozi wa kanisa hilo katika eneo letu, iliyotununulia vifaa, mchungaji aliyefuatilia jina letu hadi likafika juu ya orodha, waajiri waliotupa ruhusa, na akina mama waliopika kwa zamu. Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Tunaomba kila aliyetusaidia kwa hali, mali au sala apokee shukrani hizi kama zilizoandikwa kwake.

Ibada ya shukrani na kubariki nyumba itafanyika hapa hapa nyumbani Jumamosi ijayo, saa nane mchana, ikifuatiwa na chakula. Wazee wamekwisha kuondoka kuelekea kazi nyingine, kwa hiyo tutawapigia simu ya video ibada itakapoanza. Tunawaomba wote mfike mapema ili wazee hao wawaone na kuwasalimu. Karibuni sana.